Nyota za Kompyuta na Nyota za Nje

Jioni moja ya masika nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, mvua ikipiga bati kiasi cha mtu kutosikia hodi mlangoni, nilipofika kwenye jibu lililonisimamisha. Swali lilikuwa jepesi: eleza tofauti mbili kati ya nyota na sayari. Mwanafunzi alikuwa amejibu vizuri ile ya kwanza, kisha akaongeza, kwa mwandiko wa kujiamini: "Nyota za kompyuta hazizimiki. Nyota za nje huzimika kukiwa na mawingu."

Sikuweka alama ya vema wala ya kosa.

Aliyeandika ni binti makini, na sentensi yake haikuwa ya kubahatisha. Alikuwa ameona vitu viwili na akavitofautisha, kama tunavyowafundisha kutofautisha. Kilichonikaa moyoni kwa wiki nyingi baada ya hapo ni kwamba nilipolipeleka jibu hilo darasani bila kumtaja, wenzake wengi walikubaliana naye. Kwao, anga niliyoimulika juu ya shuka jeupe kwa projekta ilikuwa kitu cha shule, chenye majina na mistari. Ile wanayoiona usiku wakitoka nje huko Mwambani, Pongwe au Raskazone, hapa Tanga, ilikuwa kitu kingine kabisa, ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia kwenye mtihani.

Programu inapoamkia Paris

Ninatumia Stellarium, programu ya bure ya kuonyesha anga, aliyoianzisha Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2001 na ambayo imeendelea kukuzwa na watu wa kujitolea. Inafanya kazi bila intaneti, na inakuja na nyota zaidi ya 600,000 hata kabla hujaiongezea orodha kubwa zaidi. Mwalimu mwenye kishikwambi kati ya vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022 anaweza kuweka toleo lake la simu. Kwa shule isiyo na darubini hata moja, huo ni utajiri, na sitaki mtu asome makala haya akadhani naubeza.

Lakini programu hii haijui umesimama wapi mpaka uiambie. Kompyuta mpakato yetu haikuwa na intaneti, kwa hiyo ilipofunguliwa mara ya kwanza iliamkia Paris, na anga ya Ufaransa ikajaa kwenye shuka. Kuihamisha ni kazi ya sekunde chache: unabonyeza F6, unaandika Tanga, na mbingu nzima inageuka. Watoto walishangilia mbingu ilivyogeuka, kisha tukaendelea na sayari.

Somo kubwa lilikuwa pale pale kwenye F6.

Kwa nini anga igeuke mtu akihama? Chukua mwezi mchanga. Vitabu vyetu vingi huuchora ukiwa umesimama, pembe zake zikielekea upande. Mtoto wa Tanga aliyewahi kupelekwa ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo anajua kwamba kwetu mara nyingi hulala chali kama dau, pembe zote mbili juu. Sikuwahi kusikia mwanafunzi akiupinga mchoro wa kitabu kwa ushahidi wa macho yake, ingawa ushahidi anao tangu utotoni. Ukiwa na programu unaweza kuuweka mwezi ule ule, usiku ule ule, Paris na Tanga kwa zamu, na mtoto akaona kwamba mchoraji alichora anga ya kwao, nasi tunaishi karibu na ikweta. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kazi ya kwanza ya programu hii darasani ni kumrudishia mtoto imani kwa macho yake mwenyewe, na kwamba kumwonyesha asiyoyaona kunafuata baadaye.

Kuelekea kibla

Nilianza upya na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Makkah iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Tanga: wao wako nyuzi 39.8 mashariki, sisi nyuzi 39.1. Kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini halisi, ikiegemea mashariki kwa kama uzi mmoja na nusu tu. Mtoto wa Kiislamu wa mji huu ameijua kaskazini kabla hajajua kusoma, na mwenzake Mkristo anaijua kwa namna misikiti ya mtaani ilivyokaa. Hakuna haja ya dira.

Niliwasimamisha wote waelekee kibla, nikawauliza: Nyota ya Kaskazini inayotajwa kwenye kitabu iko wapi?

Walitazama juu. Mmoja akanyoosha kidole dirishani. Nikarudi kwenye programu, nikaielekeza kaskazini, na kwenye upeo wa macho hapakuwa na nyota hiyo. Kisha nikabonyeza herufi G, ambayo huiondoa ardhi, na Nyota ya Kaskazini ikaonekana ikiwa chini ya miguu ya mtazamaji, kama nyuzi 5 chini ya upeo. Tukageuka kusini. Upande huo ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, imeinuka nyuzi 5 juu ya upeo, mahali ambapo hakuna nyota ya kung'aa, nayo tunaitafuta kwa msaada wa Msalaba wa Kusini, ambao ukifika juu kabisa kwetu huwa kwenye kimo cha kama nyuzi 35.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hujibu akiitwa tu, aliuliza kama hizo nyuzi 5 ndizo zile nyuzi 5 za kusini mwa ikweta zilizoandikwa kwenye ramani ya Tanga.

Ndizo. Kimo cha ncha ya anga ni latitudo yako. Hilo nilikuwa nimelifundisha kwa mchoro kila mwaka, na kila mwaka lilinakiliwa vizuri. Safari hii liliulizwa na mwanafunzi kabla sijalisema, na nadhani ni kwa sababu alikuwa amesimama ndani yake, kibla ikiwa mbele yake na ramani ikiwa ukutani.

Saa sita isiyofika

Jambo la pili lilitoka msikitini pia. Tuliweka programu Tanga, tukatafuta ni saa ngapi jua linapita katikati ya safari yake, yaani linapovuka mstari wa kaskazini na kusini. Wote walitabiri saa 6 kamili mchana. Programu ilikataa kila tarehe tuliyojaribu.

Sababu ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45 mashariki, nasi tuko karibu nyuzi 6 magharibi yake. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa kama dakika 24. Juu ya hapo, njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili na mhimili wa dunia umeinama, kwa hiyo jua huwahi au huchelewa zaidi kadiri mwaka unavyokwenda. Katikati ya Februari jua hufika juu yetu kama saa 6 na dakika 38, na mwanzoni mwa Novemba kama saa 6 na dakika 7. Mwaka mzima, hakuna siku ambayo Tanga hufika adhuhuri ya jua saa 6 kamili.

Binti mmoja alisema hilo linaelezea kalenda ya swala iliyobandikwa kwao, ambayo saa ya adhuhuri hubadilika mwezi hadi mwezi.

Kesho yake alikuja na picha ya kalenda hiyo aliyoipiga kwa simu ya mama yake, tukalinganisha safu kwa safu. Zilipishana kwa dakika chache, na tukazungumza kuhusu tahadhari ya muda ambayo watayarishaji wa kalenda huweza kuiongeza, lakini kupanda na kushuka kulikuwa kule kule. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Kwa mara ya kwanza kitu cha kwenye shuka kilikuwa kimekaguliwa na kitu kilichokuwa tayari kwenye kuta za nyumba zao.

Mashaka juu ya kasi

Hapo kati nilipita kipindi cha kutaka kuiacha programu yenyewe. Nieleze kwa nini, kwa sababu nadhani walimu wengi wanaoitumia watakutana na jambo hili.

Ukibonyeza herufi L mara kadhaa, muda hukimbia. Usiku mzima unapita kwa nusu dakika, sayari zinacheza, mwezi unajaa na kupungua. Wanafunzi huipenda sehemu hii kuliko zote. Nilipowatoa nje wale wa hosteli usiku mmoja mawingu yalipofunguka, walitazama juu kwa dakika chache, kisha wakaanza kuchoka waziwazi. Mmoja aliniambia kwa adabu, "Samahani Mwalimu, mbona haziendi?"

Kisha kuna ukuzaji. Kwenye skrini unaikaribia sayari ya Zohali mpaka pete zake zijaze shuka. Ukimpa mtoto darubini ndogo ya mikono, ile ya kutazamia ndege, Zohali ni nukta. Ukimwelekeza kwenye sayari ya Mushtarii, na mkono ukitulia, ataona nukta ndogo pembeni yake, na hizo ni miezi ile ile ambayo Galileo aliigundua Januari 1610, ikabadili fikra za watu kuhusu nafasi ya dunia. Lakini aliyekwisha kuiona Mushtarii kwenye shuka, na mistari yake na doa lake jekundu, atakurudishia darubini kwa heshima na moyo mzito.

Nilijiuliza kama tunawazoesha karamu mpaka wakadharau chakula.

Nilikuwa na hoja dhidi yangu mwenyewe. Masika ya Tanga hufunika anga kwa wiki nzima nzima, hasa Aprili na Mei, na muhula haungoji. Mtoto anayekaa katikati ya mji, chini ya taa za barabarani, ana nyota chache za kujifunzia. Na kuna mambo ambayo jicho la mwanadamu haliyamudu hata kwa anga safi ya Pangani: Zohali huzunguka jua kwa takribani miaka 29, na hakuna muhula wa miaka 29. Kuiondoa programu kungekuwa kuwanyima haya yote. Tatizo halikuwa kasi wala ukuzaji, ila kwamba baada ya kuona, mwanafunzi hakuwa na deni lolote. Aliona, akashangaa, akafunga daftari.

Nikaamua kwamba kila kipindi cha programu kiishie na utabiri ulioandikwa, wenye jina la mwanafunzi, tarehe, mwelekeo na saa, juu ya kitu anachoweza kukikagua mwenyewe bila kompyuta.

Mwembe ndani ya programu

Jambo lililogeuza mambo sikulitarajia, nalo lilitokana na upungufu. Utabiri wa kwanza ulishindwa kwa sababu programu huonyesha upeo wa mashambani Ufaransa, nasi upeo wetu ni paa la bwalo, mnara wa simu na mwembe mkubwa upande wa mashariki. Nyota iliyosemekana imechomoza haikuonekana, na wanafunzi wakahitimisha kuwa kompyuta imekosea.

Stellarium huruhusu mtu kuweka upeo wake mwenyewe, na njia moja haihitaji hata picha: ni faili la maandishi tu lenye safu mbili, mwelekeo na kimo. Tuligawana kazi. Kila kundi lilichukua kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu, uzi na kokoto la kuwa timazi, wakasimama mahali pamoja katikati ya uwanja na kupima kimo cha kila kitu kilichotuzunguka. Mwelekeo tuliuhesabu kuanzia kaskazini. Mwembe ulifika nyuzi 30 mahali tulipohitaji. Bwalo halikufika nyuzi 12. Walibishana sana kuhusu mnara.

Tulipoingiza namba na kufungua programu, uwanja wetu ulitokea kwenye shuka kama kivuli cheusi chenye migongo na mabonde, na bila kuambiwa wakaanza kutaja: huo mwembe, hilo bwalo, pale ofisi ya mkuu.

Tukachagua Antares, nyota nyekundu iliyo kifuani mwa kundi la nyota la Nge, ambayo mwanzoni mwa Juni huchomoza kabla tu ya jua kuzama. Programu ilisema itatokea juu ya mwembe muda mfupi baada ya saa 2 usiku. Masika yalikuwa yamelegea. Wanafunzi wa hosteli walikaa chini mahali pale pale tulipopimia, saa mkononi, na hakuna aliyeuliza kwa nini nyota haziendi, kwa sababu sasa walikuwa wanaingojea moja.

Ilichelewa. Dakika zilipita, majani ya mwembe yakiwa meusi, na kijana mmoja alikuwa amekwisha kuanza kusema kwamba kompyuta imekosea tena, ndipo ikatokea kati ya matawi mawili.

Kesho yake darasani hatukuzungumzia kitu kingine. Kwa nini ilichelewa? Binti yule yule wa "nyota za kompyuta" alifanya hesabu ubaoni. Katika sehemu ile ya anga Antares hupanda kama nyuzi 13 kwa saa, kwa hiyo kosa la nyuzi 2 katika kupima mwembe linatosha kuleta tofauti ya kama dakika 9. Hakuwa tena akisema kompyuta imekosea au anga imekosea. Alisema, "Mwalimu, tuupime mwembe upya."

Waliupima upya. Na waligundua jambo jingine kutokana na kungoja kwao usiku uliofuata na ule uliofuata: nyota hutokea mapema kwa karibu dakika 4 kila siku, na kwa wiki moja huwa imewahi kwa karibu nusu saa. Wanafunzi wa kutwa, ambao hawakuwa na mwembe wetu, walichagua mnazi, antena au paa la jirani nyumbani kwao na kupata jibu lile lile. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kila mtoto akipate kabla hajaona mwaka mzima ukikimbia kwenye skrini. Aliyekwisha kuzihesabu dakika 4 kwa macho yake anapobonyeza L anajua anachokiharakisha.

Kilimia

Kutoka hapo maswali yalianza kuja na majina ya nyumbani. Mwanafunzi mmoja wa Pongwe alituletea usemi ambao bibi yake huurudia kila msimu, nao watu wengi wa pwani wanaujua: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Aliuliza kama programu inaweza kuthibitisha maneno ya bibi.

Tuliitafuta Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota kilicho bega kwa bega kwenye kundi la Ng'ombe. Tukasogeza tarehe siku baada ya siku. Mwishoni mwa Aprili huonekana chini kabisa upande wa magharibi baada ya jua kuzama, kisha mwanzoni mwa Mei humezwa na mwanga wa jua, na katika Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo kwetu huzama wakati masika yamekolea na huzuka wakati kusi limeanza na mvua zinapungua. Darasa lilipiga kelele za furaha kwa niaba ya bibi.

Niliwaomba watenganishe sehemu mbili za usemi huo. Kuzama na kuzuka kunakokotolewa, na programu itakupa tarehe zake kwa mwaka wowote, wa jana au wa karne ijayo. Mvua haimo ndani ya programu. Hiyo imo kwenye kumbukumbu ya watu waliolima hapa, na masika yakichelewa, Kilimia hakitachelewa pamoja nayo. Niliona nyuso zao zikifikiri. Mwanafunzi yule aliandika utabiri wake wa kuzuka kwa Kilimia, akaenda kumsomea bibi, na wawili hao wakaamka alfajiri pamoja. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa kwa urefu.

Mahali programu inapotawala

Sasa natumia kasi na ukuzaji bila wasiwasi ule wa zamani, kwa mambo yanayovistahili. Kwa programu tumekwenda Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa na kubaki pete juu ya vichwa vya watu waliosafiri kutoka kila upande wa nchi. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo mno kukumbuka. Tukarudi Tanga siku hiyo hiyo na kuona kwamba hapa lilimegwa bila kufikia pete. Tumekwenda pia Makkah tarehe 2 Agosti 2027, ambapo jua litapatwa na mchana utakuwa giza kwa takribani dakika 5, na baadhi yao wana ndugu watakaokuwa huko. Mambo haya hayawezi kufundishwa kwa mwembe.

Kinachobaki kunisumbua ni mtihani. Hakuna swali litakalomuuliza mwanafunzi Antares ilitokea saa ngapi juu ya mwembe, na wenzangu wana haki ya kuniuliza muda huo ningeutumia kumaliza mada ngapi. Jibu langu ni kwamba zile mada za latitudo, saa za dunia na kuinama kwa mhimili, ambazo zimo kwenye mtihani, ndizo tulizozipitia kwa kibla, kwa kalenda ya swala na kwa mti. Nalisema hili nikiamini, ingawa matokeo ya darasa hili bado hayajaja.

Kazi inayofuata ni ya kijiti. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini Tanga, karibu na tarehe 7 au 8 Machi na tena karibu na tarehe 6 Oktoba. Hiyo ya Oktoba tumekwisha kuitabiri: kijiti kilichosimikwa wima kwa timazi kitakosa kivuli kama saa 6 na dakika 12 mchana. Bagamoyo, iliyo kusini zaidi kwa uzi mmoja na kidogo, itaipata siku hiyo kama siku 3 au 4 baada yetu. Ninaomba mwalimu mmoja wa Bagamoyo, na mwingine wa Lushoto au Handeni akipatikana, wapime urefu wa kivuli cha kijiti cha mita 1 tarehe 6 Oktoba, jua linapovuka katikati, na kunitumia namba hiyo pamoja na mwelekeo wa kivuli. Programu imekwisha kutupa jibu lake kwa kila mji, na wanafunzi wameliandika nyuma ya madaftari na kulifunika kwa karatasi.